Milango Mitano ya Fahamu Mezani kwa Sonara

Mabibi na mabwana, picha hii mnayoiona ukutani nimeikuza mno. Yenyewe inaenea kiganjani. Ni kazi ya Georg Pencz wa Nuremberg, Ujerumani, aliyeikata kwenye bamba la shaba miaka ya 1540, ikachapwa karatasini. Picha za mfululizo huu ziko tano, na kila hisi ni mwanamke aliye na mnyama wake. Wanyama hao wametoka katika shairi la Kilatini la karne ya 13: nguruwe mwitu anatushinda kusikia, linksi (aina ya paka mwitu) kuona, kima kuonja, tumbusi kunusa, buibui kugusa. Binadamu anayejiita bwana wa viumbe ameshindwa mara tano!

Sasa, sonara anaingiaje? Uchapaji wa namna hii ulikulia katika karakana zao. Waliokuwa wakikata nakshi kwenye fedha ndio walioujua mkono huo, na Albrecht Dürer mwenyewe, mchoraji na mchapaji mashuhuri wa Nuremberg, alianzia kwa baba yake, sonara. Picha ndogo zilirudi kwao kama vielelezo. Fundi angeweza kutoboa mistari kwa sindano, akapitisha unga wa mkaa, alama zikabaki juu ya chuma. Karatasi iliyotumika hivyo haidumu.

Lakini kugusa utakuchoraje kwenye mfuniko wa kikombe? Mwaka 1561, mchapaji Cornelis Cort, akifuata mchoro wa mchoraji Frans Floris, alichora ndege akimdonoa mwanamke mkononi. Maumivu hayo yanaeleweka mara moja. Hata hivyo mimi namchagua Pencz. Mwanamke wake yuko kwenye kitanda cha mfumi, na buibui yuko kwenye utando wake. Nyuzi zile ni mistari mitupu, na mstari ndiyo kazi ya sonara. Maana na pambo vimekuwa kitu kimoja.

Na masonara hawakungoja karatasi. British Museum, London, ina bizimu ya fedha ya Uingereza ya mwisho wa karne ya 9. Kuona kuko katikati, macho yamekodolewa; kuonja kumetia mkono kinywani, kugusa kunasuguanisha viganja. Ni picha ya kale kuliko zote tunazozijua za hisi tano pamoja. Kwa jinsi ilivyo nzima, kuna wakati wataalamu waliidhani bandia, mpaka ilipopimwa dawa nyeusi iliyojazwa ndani ya mikato, ikaonekana ni ya kale kweli.