Tupige Bandi Kabla ya Kushona: Barabara za Miji Midogo na Mtu wa Miguu

Waheshimiwa madiwani, viongozi wa soko, na nyinyi ndugu zangu wa bodaboda mlioacha kazi mkaja Nairobi kunisikiliza: habari za asubuhi.

Hapa Kenya hatuna kazi ya kuwashawishi watu watembee. Wanatembea tayari. Katika jiji hili, zaidi ya safari 4 kati ya 10 hufanywa kwa miguu, na kwenye miji mnakotoka nyinyi miguu ndiyo inayoleta wateja sokoni. Kinachokosekana ni nafasi. Njia ya miguu ina pikapu imepanda juu, mtaro hauna kifuniko, na mama mwenye gunia la sukuma wiki anashuka barabarani kushindana na matatu. Ndiyo maana watu wa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaokufa katika barabara zetu.

Tumejaribu kulirekebisha hili kwa amri. Desemba 2018, matatu zilizuiwa kuingia katikati ya jiji. Watu wakatembea mwendo mrefu kufika kazini, na amri yenyewe haikudumu. Mapema 2019, serikali ikatangaza kwamba Jumatano na Jumamosi zitakuwa siku za kutoingiza magari katikati ya jiji. Mpango ukasimamishwa kabla haujashika. Mimi naamini nia ilikuwa njema. Lakini jiji zima lilitakiwa libadilike kwa siku moja, bila hata barabara moja kujaribiwa kwanza.

Mwaka huohuo wa 2019, Luthuli Avenue ilikwenda njia nyingine. Barabara moja tu, ile ya maduka ya redio na simu. Magari yakapewa upande mmoja wa kuelekea, njia za miguu zikapanuliwa. Pitieni pale kabla hamjapanda gari la kurudi nyumbani, muone.

Fundi wa nguo hupiga bandi, yaani mishono ya muda, kabla ya kushona, mteja akajipima, uzi ukafumuliwa pale panapobana. Barabara nayo inaweza kupigwa bandi. New York walifanya hivyo Times Square mwezi Mei 2009: walifunga sehemu ya Broadway kwa mapipa na rangi, wakaweka viti vya kukunja vya bei rahisi. Watu wakaketi. Wakapima, wakakuta majeruhi miongoni mwa watu wa miguu wamepungua kwa asilimia 35, na mwaka 2010 wakaamua ibaki hivyo daima. Ujenzi wa kudumu ulikuja baadaye.

Nyinyi anzeni na kona. Kona pana humruhusu dereva wa lori la Fuso kukata bila kupunguza mwendo. Panga matairi makuukuu yaliyojazwa udongo, uyapake chokaa, kona ibane. Atalazimika kukanyaga breki. Na fanyeni hesabu hii: mtu anayetembea mita 1.2 kwa sekunde huvuka barabara ya mita 12 kwa sekunde 10. Mkizileta kingo karibu hadi zibaki mita 7, anavuka kwa sekunde 6 hivi. Kwa mzee mwenye mkongojo tofauti hiyo ni kubwa zaidi, na yeye ndiye ninayetaka mmfikirie mnapochora.

Mimea iwe mifupi, dereva amwone mtoto. Acheni mwanya kwa maji, maana mvua za Aprili hazitasubiri kikao. Wekeni vibandiko vinavyong'aa usiku. Mkokoteni na kiti cha magurudumu vipite bila kugeuka, na gari la zimamoto lipate njia. Barabara ikiwa ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, yaani ile kuu inayopasua mji wenu, kibali ni kwao. Ndiyo sababu nawashauri mwanzie kwenye barabara ya kaunti.

Wenye maduka watauliza kuhusu paking, na wana haki ya kuuliza. Gari moja hukalia karibu mita 12 za mraba kutwa nzima. Simameni nao mlangoni, mhesabu pamoja wateja waliokuja kwa gari na waliokuja kwa miguu, kabla hamjaweka tairi hata moja. Bila hesabu ya mwanzo, ya mwisho haina maana.

Na hili nalisema kwa uchungu: jaribio hili lisiwe kisingizio cha kuwaleta kanjo, askari wa kaunti, kuwafukuza wachuuzi. Mama mboga na muuza mitumba wanalinda barabara kwa macho yao kuanzia alfajiri. Wachoreeni mahali pao kwa rangi ileile, na bodaboda wapate steji yao hatua chache kutoka kwenye kivuko, wala si juu yake.

Siku moja ya sherehe haitoshi kupima chochote. Jaribio lipite siku ya soko, siku za shule, na mvua angalau moja kubwa. Pakibana, sogezeni matairi, mhesabu tena. Saruji ije baada ya hapo.

Nimeleta karatasi na kalamu za rangi, ziko meza ya nyuma. Kila mji uchore kona yake moja inayowatisha watoto, halafu tuzipitie moja moja.