Mwenzetu Anarudi Jumatatu, Mimi Nikae Wapi?

Mhadhara kwa wawakilishi wa usalama na afya mahali pa kazi, Dar es Salaam

Ndugu wawakilishi, wafanyakazi wenzangu, habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kunikaribisha.

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ni kuwahudumia watu huko huko wanakofanyia kazi. Ijumaa moja jioni, watu wameshabeba mikoba yao, dada mmoja alisimama mlangoni pa chumba changu. Mambo madogo nimeyabadilisha asitambulike. Dada huyu amepandikizwa figo. Anameza dawa kila siku ya Mungu ili mwili usiikatae figo ile, na dawa hizo hizo ndizo zinazoshusha kinga yake. Akaniambia, "Sista, yule kaka wa mapokezi anarudi Jumatatu. Si walisema ana TB? Mimi nikae wapi?"

Najua swali hili linawafikia na ninyi. Na najua linavyojibiwa. Ama muulizaji anaambiwa aache woga, ama anayerudi anatafutiwa sababu asirudi. Kote kuwili kuna mtu anayeumizwa, ndiyo maana nimeona nitumie muda wangu wote kwa swali la dada huyu.

Tumwangalie kwanza kaka wa mapokezi. Alipogundulika alianzishiwa dozi ya miezi 6: miezi 2 ya mwanzo dawa nne, miezi 4 inayofuata dawa mbili. Kwa TB isiyo sugu, yaani inayosikia dawa za kawaida, mtu anayemeza dawa zake sawasawa, baada ya wiki 2 hivi uwezo wake wa kuambukiza unakuwa umeshuka mno. TB sugu ina utaratibu wake. Huko tunasubiri majibu ya maabara na ruhusa ya daktari, hatuhesabu wiki. Huyu kaka hakuwa na TB sugu, alikuwa na wiki 6 kwenye dawa, na daktari alishamruhusu. Mtu wa namna hiyo akikaa meza ya pili kutoka kwa yule dada, sina wasiwasi naye.

Niliyekuwa na wasiwasi naye ni kaka huyu huyu wa miezi miwili nyuma. Alikuwa pale pale mapokezi, anakohoa mchana kutwa, na chupa ya dawa ya kikohozi ya dukani iko kwenye droo. Wenzake wakimwambia pole, vumbi la barabara hilo. Siku zile dada alipita mbele yake asubuhi na jioni, na hakuna aliyeuliza nani akae wapi.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwa dada halikuhusu Jumatatu hata kidogo. Nilimwambia, mdogo wangu, kesho usingoje, mpigie daktari wako wa figo umweleze kwamba ulikaa na mtu mwenye TB kabla hajaanza dawa. Mtu mwenye kinga iliyoshuka akishavuta vijidudu vile, ana hatari kubwa zaidi ya kuugua, na zipo dawa za kumkinga kabla ugonjwa haujaanza. Tena kwake yeye uchaguzi wa dawa unahitaji mtaalamu, kwa sababu rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB, inapunguza nguvu ya dawa zinazoilinda figo yake. Haya si mambo ya kujadiliwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi.

Na watu kama yeye wanaongezeka katika maofisi yetu, jambo la kumshukuru Mungu. Tangu Hospitali ya Muhimbili ianze kupandikiza figo mwaka 2017, mgonjwa ambaye zamani angepelekwa India anatibiwa hapa hapa, anapona, anarudi kazini. Waongezeni wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao wengu lao, kiungo kinachosaidia kinga, limechoka tangu utotoni. Waongezeni wanaoishi na VVU, wanaotibiwa saratani, wajawazito. Kisukari peke yake huongeza hatari ya kuugua TB mara 2 hadi 3, na humu ukumbini wenye kisukari hawakosekani.

Sasa niwaeleze kuhusu kikombe.

Kaka yule alikuwa na kikombe chake cha chai pale jikoni. Alipokuwa likizo ya ugonjwa, kuna mtu alikifunga uzi mwekundu kwenye mkono wake, ili kisichanganywe na vingine. TB haipiti kwenye kikombe, wala kijiko, wala kwa kupeana mkono. Inapita hewani. Lakini uzi ule kila mtu aliuona. Na chumba cha jirani alikuwapo msimamizi mmoja anakohoa wiki ya tatu. Aliuona na yeye.

Jamani, hebu jiwekeni kwenye nafasi ya yule msimamizi. Ungekwenda kupima makohozi, ukijua kikombe chako nacho kitafungwa uzi? Au ungenyamaza, ukakohoa taratibu ukiwa umegeukia ukutani? Kila anayenyamaza anaendelea kuigawa hewa ile ile kwa dada mwenye figo ya kupandikizwa. Ule uzi uliofungwa kwa jina la tahadhari ndio uliomweka yeye hatarini. Kama kuna neno moja nalotaka mlichukue mpaka kazini kwenu, ni hilo.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila anayerudi ni salama. UVIKO-19 na mafua makali yana mwenendo mwingine. Mtu huanza kuambukiza siku 1 au 2 kabla ya dalili, na walio wengi huacha ndani ya siku 10. Anayerudi siku ya 4, homa imeshuka jana, barakoa iko mfukoni, huyo ni hatari ya kweli, na dada akimwogopa ana haki. Kipimo cha PCR, kile cha maabara cha kutafuta virusi, nacho kisiwe sharti la kurudi, maana kinaweza kuonyesha mabaki ya virusi kwa wiki kadhaa baada ya mtu kuacha kuambukiza. Tetekuwanga, subiri vipele vyote vifanye magamba. Na mjamzito ambaye hajawahi kuugua, akikaa na mgonjwa, aje kwangu siku hiyo hiyo. Mpox, mpaka magamba yadondoke na ngozi mpya iote, kwa kawaida wiki 2 hadi 4.

Basi kwa nini mtu anarudi siku ya 4? Nimewauliza wengi. Ni hela.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Ni sheria nzuri. Ila aliye na chini ya miezi 6 kazini kwa kawaida haimfikii. Mwenye kibarua cha kutwa mara nyingi haimfikii. Yule mama wa usafi aliyeletwa na wakala, anayeingia kila chumba na ufagio wake, kuanzia ofisi ya mkurugenzi mpaka jikoni, asipokuja leo halipwi leo. Anawagusa wote, na ndiye asiye na hata siku moja ya kuugua. Hili linanikera sana. Mkirudi, ombeni mkataba wa kampuni ya usafi na wa walinzi, msome kama umeandika malipo ya siku za ED, yaani siku ambazo daktari amemwandikia mtu apumzike. Kama haukuandika, hilo lipelekeni kwenye kikao kabla ya kuomba vitakasa mikono.

Halafu kuna hewa. Utafiti uliofanywa katika hospitali 8 za Lima, Peru, ukachapishwa mwaka 2007, ulipima hewa inavyobadilika vyumbani. Madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ilibadilika takriban mara 28 kwa saa. Vyumba vilivyotegemea mashine, mara 12. Na majengo ya kale yenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyashinda ya kisasa. Niliposoma hayo nilikumbuka majengo yetu ya zamani kule Posta, nikakumbuka na haya ya vioo tunayoyajenga sasa, ambayo dirisha halifunguki hata ukitaka. Kiyoyozi cha ukutani kinapoza hewa, kuibadilisha hakiwezi. Kinaivuta ile ile iliyokoholewa, kinaipuliza tena ikiwa ya baridi. Kama madirisha yenu yana kitasa, yafungueni hata robo kila upande, joto mtapambana nalo kwa feni.

Jambo la mwisho ni siri. Dada yule hataki ofisi ijue habari za figo yake, na halazimiki kuisema. TB ya kaka nayo haikupaswa kutangazwa. Nani alivujisha, sikujua. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya anayeishi na VVU, na sioni kwa nini ugonjwa mwingine utendewe vibaya zaidi. Mimi nikiandika kwa afisa utumishi, naandika "anahitaji meza karibu na dirisha linalofunguka." Jina la ugonjwa siandiki. Shirika la Kazi Duniani, Juni 2022, liliweka mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Haki ya msingi huiombi kwa kuonyesha kovu la upasuaji.

Jumatatu kaka alirudi. Dada alikuwa ameshahamia dirishani, na watu walidhani amefuata mwanga. Kikombe nilikikuta jikoni, nikautoa ule uzi, nikakirudisha pamoja na vingine. Halafu nikagonga mlango wa yule msimamizi, nikakaa, tukaongea tukiwa wawili tu. Jumanne alileta makohozi. Majibu yalitoka, na ni yake yeye, siwezi kuwaambia.

Karibuni maswali.