Pasiwedi mpya, Outlook ileile inakataa

BARAKA: Karibu tena msikilizaji. Jambo la leo linasumbua maofisi mengi: mtu amebadilisha pasiwedi, mfumo umekubali, akifungua Outlook, ile programu ya barua pepe, anaombwa pasiwedi. Anaandika ile mpya, kidirisha kinatoka, kinarudi palepale. Dada Mwanaidi, wewe uko TEHAMA kila siku. Kulikoni?

MWANAIDI: Mara nyingi pasiwedi mpya haina shida, kaka Baraka. Ya zamani ndiyo haijaondoka. Windows inaihifadhi mahali panaitwa Credential Manager, na Outlook huenda kuichukua huko.

BARAKA: Tunaiondoaje?

MWANAIDI: Funga Outlook kabisa. Ingia Control Panel, tafuta Credential Manager, bonyeza Windows Credentials. Shuka taratibu mpaka uone majina yanayoanza na MicrosoftOffice16. Futa hayo tu, ya folda za mtandao yaache. Fungua Outlook upya, weka pasiwedi mpya, tia tiki ya kukumbuka. Na usiogope, barua hazipotei. Unachofuta ni pasiwedi iliyohifadhiwa basi.

BARAKA: Kuna wanaofungiwa akaunti, na wanaapa hawajakosea hata mara moja.

MWANAIDI: Wanasema kweli! Mimi huwauliza kwanza simu iko wapi. Simu iko mfukoni na pasiwedi ya zamani, inafuata barua yenyewe, inakataliwa, inajaribu tena. Kwenye ofisi zenye seva yao, yaani kompyuta kuu inayosimamia akaunti, kukataliwa huko kunaweza kuhesabiwa, na idadi ikifika kikomo kilichowekwa, akaunti inafungwa. Unafunguliwa, unashukuru, kabla chai haijaisha imefungwa tena. Kwa hiyo kabla hujabadilisha, weka simu hali ya ndege. Badilisha kwenye kompyuta, ukiiwasha simu nenda moja kwa moja kwenye mipangilio ya barua pepe, weka mpya. Na ile tableti iliyoko nyumbani wanayochezea watoto, usiisahau.

BARAKA: Ile ya tableti wengi hawaifikirii kabisa. Haya, na anayepokea barua ila hawezi kutuma?

MWANAIDI: Hiyo naiona sana kwa wanaotumia Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe. Njia ya kupokea inaitwa IMAP, ya kutuma SMTP, na pasiwedi zake zinahifadhiwa mbalimbali. Ingia Settings, kisha Privacy & Security, kisha Saved Passwords. Utakuta anwani yako kwenye mistari miwili, mmoja unaanza na imap, mwingine na smtp. Futa yote miwili, ukiulizwa tena weka mpya.

BARAKA: Mwingine anaambiwa pasiwedi haikidhi masharti. Ameweka herufi kubwa, namba, alama, wapi!

MWANAIDI: Ujumbe ule unaudhi, maana haukwambii ni sharti lipi. Kwenye mtandao wa Windows wa ofisi, kama wasimamizi hawakugusa kitu, seva inakumbuka pasiwedi 24 zilizopita, na ukishabadilisha leo huwezi kubadilisha tena mpaka siku 1 ipite. Jina lako nalo haliruhusiwi ndani yake. Asha akiweka Asha2025! itakataliwa. Ukibanwa na lile la siku, mwombe mtu wa TEHAMA akuwekee yeye. Halimzuii.

BARAKA: Na zile ofisi zinazokulazimisha kubadilisha kila baada ya wiki chache?

MWANAIDI: Siziungi mkono. Microsoft wenyewe waliondoa sharti hilo kwenye mapendekezo yao ya usalama wa Windows mwaka 2019. Ukimlazimisha mtu kila mara, anaongeza namba moja mwishoni, imekwisha. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, na pasiwedi ibadilishwe pale inaposhukiwa kuvuja.

BARAKA: Aliyeko nyumbani na laptopu ya ofisi je?

MWANAIDI: Aunganishe VPN kwanza, ile njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, ndipo abadilishe. Akibadilishia kwenye tovuti bila VPN, laptopu inaweza kuendelea kudai ile ya zamani wakati wa kuwaka. Ikitokea hivyo, aingie kwa ya zamani, aunganishe VPN, afunge skrini, kisha aifungue kwa mpya.

BARAKA: Asante sana dada. Msikilizaji, kama yako inagoma kwa namna nyingine, tuandikie.