Jikoni kwa Mama Mkwe: Maisha ya Kijijini kwa Waigbo

Mambo vipi wapendwa, karibuni tena. Leo sipo Lagos, nipo kijijini kwa wakwe zangu, jimbo la Anambra, kusini mashariki mwa Nigeria, kwenye nchi ya Waigbo. Hiyo kelele ni jenereta ya jirani, nivumilieni. Ni Desemba, kila Muigbo karudi kwao, hata pa kuegesha gari hakuna.

Wengi mnaniuliza kwenye komenti kama huku ni kama kwenye muvi za Kinaijeria: mzee kakaa kwenye kiti cha enzi, wanawake wamepiga magoti. Ngoja niwatembeze.

Hapa mbele panaitwa obi, baraza la baba mwenye nyumba. Mgeni anapokelewa hapa, na kinachotangulia ni kola, ile mbegu chungu ya kutafuna. Sahani inazungushwa kwa wanaume wa ukoo, mzee anaiombea kwa Kiigbo (wanasema kola haisikii Kiingereza!), kisha inapasuliwa. Ikitoa vipande vinne, nyuso zinachangamka, maana juma lao la asili lina siku nne za soko: Eke, Orie, Afo na Nkwo. Sisi wanawake hatuipasui. Hata mama mkwe na mvi zake zote, hagusi kisu. Mkiishia hapo mtasema hii ni nyumba ya wanaume. Haya, twendeni nyuma.

Hili ni ghala la ji, yaani viazi vikuu. Nguzo zimesimamishwa wima, viazi vimefungwa kwa kamba kimoja juu ya kingine, upepo unapita. Ji ni zao la mwanamume, na zamani mtu alihesabiwa tajiri kwa ghala lake. Vile vipya haviliwi ovyo mpaka sherehe ya Iri ji, kwenye mwezi wa nane hivi. Ila magimbi, mihogo na mboga ni mali ya wanawake, na ukiangalia vizuri hivyo ndivyo vinavyotulisha siku nyingi.

Jikoni sasa. Zamani kila mke alikuwa na nyumba yake na mafiga yake ndani ya ua huohuo, na mama na wanawe walikuwa kundi lao, mkpuke. Leo tunapika ofe onugbu, mchuzi wa majani machungu. Oneni: unayafikicha kwa viganja, povu la kijani linatoka, unamwaga, unafikicha tena. Mama mkwe anaonja jani kila nikibadilisha maji. Uchungu ukiisha wote, kwake umeharibu mboga. Lazima ubaki kidogo nyuma ya ulimi. Kisha magimbi yaliyochemshwa na kutwangwa ndiyo yanayoufanya mchuzi uwe mzito, mawese, samaki mkavu, na ogiri. Jamani, ogiri! Mbegu zilizochachushwa. Harufu yake inafika getini, lakini bila hiyo mchuzi umepooza.

Na wale akina mama waliokaa pale kivulini ni umuada, mabinti wa ukoo walioolewa kwingine. Mawifi wa kwetu cha mtoto! Msiba ukitokea wanakuja kundi zima, wanahudumiwa, na kaka zao wakigombana wao ndio wanaowaweka kitako. Nimemwona mzee aliyetoka kuongoza kola pale mbele ananyamaza kimya, dada yake anaongea.

Kuhusu magoti: binti kupiga magoti kusalimia wakubwa, hiyo ni desturi ya Wayoruba, kabila jingine la Nigeria, msiwachanganye. Hapa nimemwona wifi yangu mdogo akipiga magoti siku ya igba nkwu, harusi ya kimila. Bibi harusi anapewa kikombe cha tembo la mchikichi, anamtafuta bwana harusi katikati ya watu, na wanaume wote wanamnyooshea mikono kumpoteza maboya. Akimpata anapiga magoti, anaonja, anampa anywe. Wifi alizunguka uwanja mzima makusudi, bwana harusi jasho linamtoka. Video ninayo, naipandisha wiki ijayo.