Hazina bila jembe (mazungumzo na waongoza wageni, Iringa)

Kamwene jamani. Haya, nimeambiwa niongelee matembezi ya kusaka hazina kwenye magofu ya kanisa na nyumba za watawa, na najua nikitamka hazina hapa Iringa nusu ya ukumbi umeshawaza dhahabu ya Mjerumani, msikatae, nawaona mnavyocheka. Tuimalize hiyo kwanza. Dhahabu ambayo Mjerumani aliigeuza hela kweli hapa nchini ni zile rupia 15 zenye picha ya tembo, za 1916, zilitengenezwa Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke maana vita vilishawabana na hela kutoka kwao haifiki. Tabora, sio Tosamaganga, misheni yetu ya hapa Iringa. Kwahiyo mtu akija na ramani ya babu yake kwamba chini ya msalaba wa misheni kuna sanduku, mchangie tu laki tatu ya mganga na ya mashine ya kupimia, ndugu yangu hazina ni wewe.

Mchezo wangu mimi hauna jembe. Mgeni anapewa karatasi ya mafumbo, anazunguka, kila jibu liko kwenye ukuta au ngazi au dirisha, na jibu la hapa ndo linamtuma pale. Kuna wanaocheza kwa simu na setilaiti, huo ulianza Mei 2000 huko Oregon, Marekani, mara tu serikali yao ilipoacha kuvuruga makusudi usahihi wa GPS kwa raia, jamaa mmoja akaficha ndoo porini akatangaza ilipo, watu wakaifuata. Mimi nabaki na karatasi. Ukimpa mtu simu ataangalia kioo, gofu hataliona.

Chukua Fountains Abbey, magofu ya abasia, yaani nyumba kubwa ya watawa, kule Yorkshire, Uingereza. Watawa waliotoka York walianza pale 1132, baadae wakajiunga na Wasistersiani, shirika la watawa, wakatajirika kwa sufu ya kondoo mpaka Mfalme Henry VIII alipozifunga abasia zote, yao ikafungwa 1539 na madini ya risasi ya kwenye paa yakayeyushwa. Sasa ukimwambia mtoto hivyo anapiga miayo. Mpe fumbo: tafuta mahali ambapo mtawa aliruhusiwa kuota moto. Ataingia chumba hiki atoke, aingie kile atoke, hakuna dalili ya moto, halafu anakutana na majiko ya ukutani makubwa mtu mzima anasimama ndani. Hapo ndo anashtuka kwamba vyumba vingine karibu vyote walikaa na baridi, na aliyeishi Makete mwezi wa saba hahitaji maelezo zaidi.

Fumbo jingine, kwanini mto Skell unapita chini ya majengo? Watoto wanabishana weee, mmoja samaki, mwingine maji ya kuoga, jibu ni choo. Kinachoshuka mto unabeba. Hiyo hawaisahau. Halafu la mwisho ndo nalipenda kuliko yote: kuta zina mapengo, mawe yameenda wapi? Unawatembeza mpaka jumba la tajiri lililo hapohapo jirani, lilijengwa kwenye mwaka 1600 hivi, na mawe mengine ni yaleyale ya abasia. Mtoto anashika ukuta wa jumba anasema huyu kaiba. Bishaneni nae.

Sasa kwetu. Tosamaganga sio gofu, watu wanasali pale, kuna hospitali, kwahiyo ruhusa kwa paroko kwanza na usipeleke kundi la makelele Jumapili misa inaendelea. Mafumbo yapo tele: walianza wamisionari Wabenediktini Wajerumani, baada ya Vita ya Kwanza wakaja wamisionari Wakonsolata kutoka Italia, mwache mgeni ajaribu kupambanua kipi cha nani. Ila mimi ningeanzia Kalenga, sio mbali, kwenye mabaki ya ngome ya Mkwawa iliyoanguka 30 Oktoba 1894, na fuvu lake lililorudishwa 1954, ndo mpande Tosamaganga. Ukianzia kanisani unasimulia habari ya Mzungu aliyekuja, ukianzia Kalenga unasimulia habari ya mwenyeji aliyemkuta, na hao sio wageni walewale jioni wakirudi mjini.

Zawadi? Weka, watu wanataka kitu cha kushika. Lakini kiboksi kikae kwa mlinzi au kwenye ofisi ya makumbusho, ndani daftari la kusaini na pipi. Usifukie chochote, hata kwa utani. Kuchimba mambo ya kale bila kibali ni kosa, sheria ipo tangu 1964, na pia kijiji kikiona mmefukua kitu Jumamosi, Jumapili usiku kuna watu na masururu.

Yule kaka wa nyuma kaandika kikaratasi anauliza bei. Chajini kwa kundi, sio kwa kichwa, maana mchezo huu mtu mmoja peke yake anaboreka.