Kenosha: vijana wawili, dhamana mbili

Habari za huko nyumbani, ndugu watazamaji. Wengi mmeniuliza kama ni kweli kwamba hapa Marekani mshtakiwa huchangiwa fedha na watu asiowajua, kama sisi tunavyochangia harusi. Ni kweli, lakini mchango huo huchagua wa kumwendea, na mji mmoja tu, Kenosha katika jimbo la Wisconsin, unatosha kuwaonyesha.

Juni 2018, Chrystul Kizer, msichana mweusi wa miaka 17, alimuua kwa risasi mzungu mmoja ambaye, kwa maelezo yake, alimnyanyasa kingono na kumuuza kwa wanaume wengine. Agosti 2020, Kyle Rittenhouse, mvulana mzungu, naye wa miaka 17, aliwapiga risasi watu watatu usiku wa maandamano, wawili wakafa.

Sheria ya Wisconsin humhesabu mwenye miaka 17 kuwa mtu mzima katika kesi ya jinai, hivyo wote wawili walishtakiwa kama watu wazima. Nani aendelee kuitwa mtoto, hilo liliamuliwa na watu walio nje ya mahakama. Rittenhouse hakutoka kwa matajiri, ila waliomtazama walimwona kijana wao, na dhamana yake ya dola milioni 2 ikalipwa kwa michango kabla ya miezi mitatu kutimia. Kizer aliwekewa dola milioni 1, baadaye zikapunguzwa hadi 400,000, naye akakaa jela miaka miwili. Msichana aliyeuzwa huulizwa kwanza alifuata nini huko. Swali hilo hata sisi tunalijua, tena tunaliuliza.

Kesi hizi si pacha kisheria. Rittenhouse alidai kujilinda, na Novemba 2021 baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia. Kizer alikiri shtaka lililopunguzwa, na Agosti 2024 akahukumiwa miaka 11. Mimi sizilinganishi hukumu, nalinganisha kungoja, kwa maana anayengoja akiwa nje hukutana na wakili wake kwa nafasi, na anayengoja ndani hushawishika kukubali lolote ili yaishe.

Fedha za kumtoa Kizer zilipatikana Juni 2020, kutoka mfuko wa dhamana wa Chicago, wiki chache baada ya George Floyd, mtu mweusi, kuuawa na polisi mjini Minneapolis na michango kuanza kumiminika katika mifuko ya aina hiyo.