Ukikwama, Kagua Zoezi Kwanza

Mhadhara kwa wanagenzi wa ushonaji na ufundi, Kisumu

Habari zenu, na asanteni kwa kunisubiri. Wanaonifahamu wanajua nitakalosema, maana nimelisema Kakamega, nimelisema Nakuru, na hapa Kisumu sijui nimelisema mara ngapi. Mwanagenzi akikwama, kila mtu humpa maneno ya kumtia moyo, na hakuna anayekaa kando yake aangalie anafanya nini. Mimi nasema: angalieni zoezi lake. Moyo utafuata.

Wacha niwape kisa cha kola. Walioshakisikia wanivumilie.

Kulikuwa na binti akijifunza kwa fundi mmoja pale soko la Kibuye. Sketi za shule alizishona zikanyooka, suruali pia. Shati likamshinda. Kola yake ncha moja ilitoka kali inavyotakiwa, ya pili ikatoka nene, imevimba kama kidole gumba. Miezi ikapita, kola ni ile ile. Akaanza kuchelewa kufika, kisha akaanza kusema ushonaji si kipaji chake. Mama yake akamwombea. Fundi akamwambia avumilie.

Nilipokaa kumtazama, nikaona kila siku anashona shati zima, kuanzia mabegani mpaka vifungo. Sasa hesabuni wenyewe. Katika shati zima, ncha ya kola ni mishono michache tu! Kwa hiyo siku nzima alikuwa akifanya mazoezi ya yale anayoyajua, na lile asilolijua analipitia kwa dakika chache, tena juu ya kitambaa cha mteja.

Tukaliweka shati kando. Nikampa mabaki ya kitambaa, nikamwambia ashone ncha tupu. Chora kwa chaki, shona mpaka kwenye kona, acha sindano imezama, inua mguu wa cherehani, geuza kitambaa, endelea. Kisha punguza kitambaa cha ndani, kona uikate mshazari karibu na mshono, geuza, sukuma ncha kwa kijiti, usitumie mkasi utatoboa, halafu pasi. Kona ya kwanza akaikata vizuri. Alipofika ya pili, mkono ukasita. Ugonjwa wote ulikuwa hapo. Kola ikishafika kona ya pili kazi imekaribia kwisha, basi alikuwa akiogopa kugusa mshono na kuiharibu, akawa anaacha kitambaa kingi ndani. Kitambaa kingi kikibaki ndani, ncha lazima ivimbe. Kwenye mabaki hakuwa na cha kuogopa. Akakata, akaharibu, akakata tena, na kabla ya wiki kwisha ncha zikaanza kulingana. Hamu ilirudi bila hotuba ya mtu yeyote. Aliona ncha imetoka, akataka kushona nyingine.

Najua kuna mzee hapa atasema mvumilivu hula mbivu. Mzee wangu, methali hiyo naiheshimu. Lakini yule binti alikuwa mvumilivu kuliko wengi wetu, na alichokuwa akikivumilia ni kosa lile lile, mwezi baada ya mwezi.

Tena jambo hili si la cherehani peke yake. Mwaka 1897, na tena 1899, Wamarekani wawili, William Lowe Bryan na Noble Harter, walichapisha uchunguzi wao juu ya watu waliojifunza kazi ya telegrafu, ile ya kupokea ujumbe kwa mlio wa vitone na vistari vya Morse. Waliona mwanafunzi hupanda vizuri, kisha kasi yake ya kupokea hulala tambarare wiki nyingi, chini ya kiwango kinachotakiwa kazini. Wengi walikata tamaa papo hapo. Waliodumu, kasi ilipanda tena. Maelezo yao yalikuwa kwamba mwanzoni sikio hushika herufi moja moja, baadaye neno zima, na baadaye maneno yanayofuatana. Kumbe pale panapoonekana pamelala, herufi zilikuwa bado zinakomaa ziwe mazoea.

Msomi atanikatiza: watafiti waliokuja baadaye walifundisha Morse na hiyo tambarare hawakuiona. Kweli kabisa, na ndiyo maana naipenda habari hii. Kama wapo wanaojifunza bila kuipitia, basi tambarare si sheria ya mwili wa binadamu, wala si dalili kwamba kipaji chako kimekwisha.

Wengine mtaniambia, mwalimu, hamu imepotea kwa sababu mfukoni hakuna kitu. Hilo ni zito, na sina zoezi la kola linaloondoa njaa. Anayelala saa chache, anayeshinda bila kula, anayetumia cherehani inayoruka mishono, huyo tusimhukumu kwa uvivu. Apumzike, ale, mashine itengenezwe, ndipo tuzungumze juu ya kona.

Na kuna wakati zoezi linabadilika lote. Eliud Kipchoge wa Nandi alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, akiwa na miaka 18. Mwaka 2012 akakosa nafasi kwenye timu ya Olimpiki ya London. Mwaka uliofuata akahamia marathoni, na ya kwanza kabisa, Hamburg, akaishinda. Lakini msiniwekee maneno kinywani, sikusema uache ufundi kila unapokuudhi. Kipchoge alihama na miguu yake yote na miaka yake yote ya mazoezi, na kocha akabaki yule yule, Patrick Sang.

Kuhusu daftari nitasema kwa haraka. Andika ulichofanya leo, na pale ulipokosea uandike kwa jina lake. Usiandike "kola mbaya." Andika "kona ya pili, kitambaa kingi ndani." Nilitaka pia kuwaeleza habari ya kujilinganisha na watu wa kwenye simu, lakini mwenyekiti ananionyesha saa, tuiache.

Pale mezani kuna cherehani na mfuko wa mabaki. Nani amekuja na kazi iliyomshinda? Wewe dada wa pale dirishani, nimeiona hiyo zipu unayoificha. Ilete tuifumue.